Kabla Detekta Haijalia: Namna ya Kusimamia Mradi wa Kuondoa Mabomu ya Ardhini

Mhitimu wa Chuo cha Maendeleo ya Jamii Buhare, pale Musoma, akisikia kuna nafasi kwenye shirika la kuondoa mabomu ya kutegwa ardhini Sudan Kusini au mashariki mwa Kongo, wazo la kwanza litakalomjia ni kwamba hiyo ni kazi ya wanajeshi. Haishangazi. Picha zinazosambazwa ni za mteguaji aliyevaa ngao ya uso, amepiga magoti, anachokoachokoa udongo. Lakini kabla mteguaji hajapiga magoti, kuna mengi yameshaamuliwa. Nani alisema eneo hili lina mabomu, na alijuaje? Kwa nini tuanze hapa tuache ng'ambo ya mto? Tukimaliza, nani atalima? Maswali hayo ndiyo yanayomeza fedha na miaka ya miradi hii, na mtu aliyefundishwa kukaa na wanakijiji na kuwasikiliza hadi mwisho ana nafasi nzuri ya kuyajibu kuliko anayejua baruti peke yake.

Kwa hiyo nawaandikia maofisa maendeleo ya jamii, hasa vijana wa Musoma, Bunda na Butiama wanaotafuta kazi za nje ya mipaka yetu. Kazi hii inawahitaji. Wala si jambo geni kwa Tanzania. Nchi yetu ilitia saini Mkataba wa Ottawa wa kupiga marufuku mabomu ya ardhini dhidi ya watu tarehe 3 Desemba 1997 na ikauridhia mwaka 2000. Panya buku wanaonusa mabomu hufundishwa Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Na hasara ya silaha zilizoachwa tunaijua: Novemba 2017, pale shule ya msingi Kihinga wilayani Ngara, bomu lililookotwa likidhaniwa ni chuma chakavu lililipuka, likaua wanafunzi na kujeruhi wengine zaidi ya 40.

Anza kwa kutafuta mahali ambapo hakuna mabomu

Meneja mgeni hukimbilia kuajiri wateguaji na kununua detekta, yaani vifaa vya kutambua vyuma ardhini. Mzoefu huanza kwa kupunguza ramani. Vita vinapoisha watu huogopa maeneo mapana, na wana sababu: mabomu machache ya kutegwa yanatosha kufunga bonde zima. Msumbiji ni funzo zuri. Utafiti mkubwa uliokamilika mwaka 2001 ulionesha zaidi ya kilomita za mraba 500 za ardhi inayoshukiwa. Kama kila mita yake ingepigwa detekta, kazi ingeendelea hadi leo. Timu zilirudi vijijini, zikauliza upya kwa makini, na sehemu kubwa ikafutwa kwenye orodha kwa sababu hapakuwa na ushahidi wowote. Tarehe 17 Septemba 2015 Msumbiji ilitangazwa kuwa imeondoa maeneo yote ya mabomu ya ardhini yaliyojulikana.

Viwango vya kimataifa vinatoa njia tatu za kuirudisha ardhi kwa wenyewe. Eneo linafutwa, uchunguzi wa vijijini ukionesha hakuna sababu ya kulishuku. Linapunguzwa, wataalamu wakiingia kwa vifaa na kubaini mwanzo na mwisho halisi wa hatari. Au linasafishwa lote, hadi kwenye kina kilichowekwa na mamlaka ya nchi, mara nyingi sentimita 13 au 20. Njia ya kwanza ni rahisi mara nyingi zaidi kuliko ya tatu, na inategemea maneno ya watu. Hapo ndipo penye kazi yako.

Usiulize, "Je, hapa kuna mabomu?" Utajibiwa ndiyo. Wengine watasema ndiyo kwa hofu ya kweli, wengine kwa sababu mradi unaleta ajira na magari, na wengine kwa sababu hawataki jirani alime pale. Uliza yaliyotokea. Nani aliumia, mwaka gani, alikuwa anafanya nini, mguu ulikanyaga wapi? Askari wa upande gani walikaa kwenye kilima hiki, na walichota maji wapi? Bomu la ardhini hutegwa kwa sababu fulani: kulinda kambi, daraja, nguzo za umeme, kisima, njia ya adui. Ukiijua kambi ilipokuwa na adui alitarajiwa kutokea wapi, utajua pa kutazama.

Kisha uliza mifugo. Aliyekulia Butiama au Bunda hahitaji kuelezwa kwamba mchungaji anaijua ardhi kuliko mwenyekiti wa kijiji. Ng'ombe hawaogopi uvumi. Kama kundi linakatiza bonde kila msimu na hakuna mnyama aliyewahi kulipuliwa, huo ni ushahidi, uandike. Kama ng'ombe wawili walipotea pale palepale kwa mlipuko, huo pia ni ushahidi, wenye uzito karibu sawa na ajali ya mtu. Waulize akina mama wanaookota kuni, maana wanajua waliishia wapi na kwa nini. Omba kuona daftari la majeruhi kwenye zahanati. Watafute waliokuwa wapiganaji, uwafuate peke yao, bila mkutano, bila maofisa wa serikali, na uwahakikishie kwamba hukufika kutafuta wa kushtaki. Aliyetega mabomu mara nyingi hukumbuka mstari ulivyokwenda hata baada ya miaka 20.

Mkutano wa hadhara ufanye, kwa sababu heshima inataka wazee wasikie kwanza. Ila usiutegemee kwa taarifa. Kwenye mkutano watasema watatu, na wote watakuwa wanaume.

Kaa asubuhi nzima kwenye mstari

Hata kama hutashika detekta maisha yako yote, nenda ukae kwenye kituo cha kudhibiti, mahali palipo salama, uangalie kazi kuanzia mwanzo. Mteguaji hujaribu kwanza detekta yake juu ya kipande cha chuma kilichowekwa kwa kipimo, ahakikishe inalia inavyotakiwa. Njia yake ina upana wa mita moja. Kijiti kimelazwa mbele yake kuonesha mpaka: nyuma ya kijiti ni salama, mbele yake hapajulikani. Anatazama kama kuna waya, anapapasa taratibu, anakata majani kwa mkasi na kuyatoa kwa mkono, kisha anapitisha detekta. Ikilia, anaweka alama, anarudi nyuma kidogo na kuanza kuchimba akiusogelea mlio kutoka ubavuni, kwa sababu bomu la kukanyagwa husubiri uzito kutoka juu. Mara nyingi anakuta msumari. Au ganda la risasi. Au kipande cha kopo la nyama walilokula askari miaka 30 iliyopita. Anakitia kwenye ndoo, anapitisha detekta tena palepale, na ndipo anasogeza kijiti mbele kwa sentimita chache. Upande alikotoka kumepangwa mawe yaliyopakwa rangi, nyeupe ikitazama usalama na nyekundu ikitazama hatari. Mwenzake wa karibu yuko mita 25 au zaidi, ili mlipuko mmoja usiumize wawili.

Ukishaona hayo, kuna mambo hutayafanya tena. Hutawapangia watu idadi ya mita za kumaliza kwa siku. Hutatoa posho kwa aliyekwenda mbele zaidi. Kulipa kwa mita ni kumwambia mtu apitishe detekta haraka, na bomu aliloliruka litakanyagwa na mtoto wa mwenye shamba. Ardhi yenye vyuma vingi huenda polepole, na meneja anatakiwa kuisimamia hoja hiyo mbele ya mfadhili bila kuyumba. Kipimo cha kazi ya timu ni ubora, na ubora hukaguliwa na mtu asiyewajibika kwa kiongozi wa timu hiyo, anayeruhusiwa kurudia sehemu ya eneo na kusimamisha kazi palepale.

Bomu likipatikana, kazi inasimama, kiongozi anaitwa, linawekewa alama, na kwa kawaida hulipuliwa papo hapo lilipo. Ushujaa usiwepo. Mteguaji anayejisifu kuwa ameng'oa mabomu kwa mkono aondolewe kwenye mstari siku hiyohiyo, hata kama ndiye hodari wa timu.

Panya, mbwa, mashine na watu

Kwa fahari ya Kitanzania lazima niseme habari za Magawa. Alizaliwa Morogoro Novemba 2013, akapelekwa Kambodia, na Septemba 2020 shirika la Uingereza la kutunza wanyama, PDSA, likamtunuku nishani ya dhahabu, panya wa kwanza kupewa heshima hiyo. Shirika lililomfundisha ni APOPO, lililoanzishwa na Mbelgiji Bart Weetjens. Panya buku ana uzito wa kilo moja na ushehe, mwepesi kwa bomu la kukanyagwa. Hufungwa kamba, akatembea kati ya wafanyakazi wawili, na akinusa baruti hukwaruza ardhi. Vyuma chakavu havimsumbui hata kidogo, kwa hiyo eneo la ukubwa wa uwanja wa tenisi hulimaliza kwa nusu saa, wakati mtu mwenye detekta anaweza kuchukua hadi siku nne.

Sasa meneja asikilize vizuri. Panya hafanyi kazi peke yake. Majani yakatwe kwanza, njia salama za pembeni ziandaliwe na wateguaji, panya zaidi ya mmoja apitishwe, na pale palipokwaruzwa mtu aingie na detekta. Jua likiwa kali panya hupumzishwa, na masikio yao hupakwa mafuta ya kuzuia jua. Ni bora kwenye ardhi inayoshukiwa, yenye vyuma vingi na mabomu machache. Palipo na mstari mnene wa mabomu unaojulikana, peleka watu. Mashine za kukata vichaka hufaa pale barabara inapobeba uzito wake. Huko Kongo kuna sehemu hata lori dogo halifiki. Chagua kifaa baada ya kuijua ardhi. Ukiona mradi umenunua mashine kwanza halafu unatafuta shamba la kuitumia, ujue fedha za watu zinapotea.

Gari la wagonjwa

Kabla ya kufungua eneo, panda gari la wagonjwa mwenyewe, uondoke kwenye mstari wa mabomu hadi hospitali yenye daktari wa upasuaji, ukitazama saa. Fanya hivyo tena mvua ikinyesha. Kivuko kinafungwa saa ngapi? Kizuizi cha wanajeshi kitakuruhusu bila kuuliza karatasi? Damu ipo? Jibu moja likiwa baya, eneo hilo lisifunguliwe, hata kama waziri amepangwa kuja kukata utepe. Tabibu awe pale muda wote, machela iwe imekunjuliwa, redio ijaribiwe kila asubuhi, na mazoezi ya kumtoa majeruhi yafanyike mara kwa mara bila taarifa. Bima ya kila mfanyakazi, hasa walioajiriwa kijijini, isomwe kwa lugha wanayoielewa kabla hawajasaini, pamoja na kiasi ambacho familia italipwa.

Serikali, wenye bunduki na siri za ramani

Kila nchi ina chombo chake cha kusimamia uondoaji wa mabomu. Kongo kuna CCLAM, Somalia kuna SEMA, Sudan Kusini kuna NMAA, na huko ofisi ya Umoja wa Mataifa ya UNMAS imekuwa ikisaidia uratibu. Bila ithibati ya chombo hicho hakuna timu inayoingia ardhini, na bila hati yake hakuna ardhi inayohesabiwa kuwa imesafishwa. Peleka maombi mapema sana. Vibali vya baruti ya kulipulia mabomu huchelewa kuliko kitu kingine chochote, na inaeleweka: ni nchi gani iliyotoka vitani itampa mgeni baruti kirahisi? Wakati unasubiri, timu za uchunguzi na za elimu zifanye kazi. Bajeti iandikwe hivyo tangu mwanzo, na miezi ya masika ihesabiwe kuwa ya matengenezo, mafunzo na likizo.

Mashariki mwa Kongo au Somalia, utakutana na watu wenye silaha ambao hawamo kwenye orodha ya serikali. Maneno yako kwao yawe yaleyale utakayosema kwa jeshi la serikali: tunaondoa mabomu ili watu walime na watoto waende shule, hatubebi barua za upande wowote, hatubebi askari kwenye magari yetu. Ramani zinaonesha ngome za zamani na njia. Zitunze kama hospitali inavyotunza faili la mgonjwa. Kamanda akikuomba ramani kwa upole, mpeleke kwa mamlaka ya kitaifa. Na kama bado kuna mapigano yanayoendelea, mstari wa ulinzi unaotumiwa na upande mmoja usiusafishe, maana upande wa pili utakuhesabu kuwa adui na wafanyakazi wako ndio watakaolipa.

Waajiri watu wa palepale. Mteguaji anayejua kwamba shangazi yake ndiye atakayelima shamba hilo hapitishi detekta kwa mzaha. Waajiri wanawake kwenye mstari wenyewe, siyo jikoni tu; wamefanya kazi hiyo Msumbiji, Angola na Sudan Kusini kwa viwango vilevile. Ila ukumbuke kwamba mshahara wako ndio mkubwa kuliko yote kijijini. Utawavuta walimu na wauguzi. Kaa na viongozi mkubaliane kwamba aliyeko darasani au zahanati hatachukuliwa, vinginevyo utakuwa umefungua shamba na kufunga shule.

Mnunuzi wa vyuma chakavu ni mwanafunzi wako

Elimu ya hatari za mabomu mara nyingi huachiwa bango lenye fuvu la kichwa. Bango halitoshi. Yaliyotokea Ngara yanatufundisha nani anagusa mabomu: mtoto, na nyuma ya mtoto kuna mzani wa mnunuzi wa chuma. Mfuate mnunuzi huyo. Mwoneshe picha za vitu asivyopaswa kupokea, mpe namba ya kupiga, mweleze kwamba hatashtakiwa akitoa taarifa. Nenda kwa wafua vyuma, wavuvi, wachoma mkaa, na kwa vijana wa machimbo wanaodhani wanaijua baruti kwa sababu wameizoea. Huko Kisangani, vita vya majeshi ya Uganda na Rwanda vya Juni 2000 viliacha makombora ndani ya mji, kwenye viwanja vya nyumba za watu. Hapa kwetu, maghala ya silaha ya Mbagala yalilipuka tarehe 29 Aprili 2009 na ya Gongo la Mboto tarehe 16 Februari 2011. Kila tukio liliua zaidi ya watu 20 na kurusha mabomu mitaani, na wananchi wakaombwa wasiguse kitu, watoe taarifa kwa jeshi na polisi. Ujumbe ni uleule popote: usiguse, weka alama kwa mbali, rudi kwa njia uliyojia, toa taarifa. Usemeni kwa lugha ya nyumbani kwao, na mumpe nafasi aliyepoteza mguu azungumze kama akitaka mwenyewe. Majeruhi huyo, akiwa mtoto, anahitaji pia mguu bandia unaobadilishwa kila anapokua, na shule yenye mlango anaoweza kuupita. Andika jina la mradi au ofisi itakayolibeba hilo kabla hujaondoka.

Ardhi ikishakuwa salama

Hapa ndipo miradi mingi hukosea, na ndipo ofisa maendeleo ya jamii anapopata uzito wake. Ardhi yenye mabomu haina bei. Siku inaposafishwa inapata bei, na wenye nguvu wanaijua siku hiyo kabla ya mjane. Kaskazini mwa Uganda, watu walipotoka kambini kurudi vijijini baada ya vita vya waasi wa LRA, migogoro ya mipaka ya mashamba ilizagaa. Wazee waliojua mipaka walikuwa wamefariki na vijana walizaliwa kambini. Uganda ilitangaza kumaliza kazi ya mabomu ya ardhini Desemba 2012, lakini kesi za ardhi huko Acholi ziliendelea.

Basi kabla mteguaji wa kwanza hajaingia, kaa na wazee, wanawake na vijana, kwa makundi tofauti kisha kwa pamoja, mwandike nani alilima wapi kabla ya vita, nani anadai nini sasa, na wapi wanabishana. Muhtasari usainiwe na ubandikwe ofisi ya kijiji. Mgogoro ukiwa mkali, waambie wazi kwamba mtaanza kwenye kisima na njia ya shule, shamba lenye mgogoro litasubiri. Nimeona ni heri mradi uchelewe miezi miwili kuliko kumsafishia mnyang'anyi shamba kwa fedha za msaada.

Makabidhiano yafanyike mbele ya watu. Wateguaji wenyewe watembee kwenye eneo lote, bega kwa bega, bila ngao za uso, wanakijiji wakiangalia. Watu huamini miguu kuliko hati. Kisha hati itolewe, ikiwa na ramani inayosomeka, kina kilichofikiwa, na mipaka iliyoelezwa kwa alama wanazozijua: mwembe, mto, kona ya shule. Rudi baada ya mavuno ya kwanza. Kama shamba bado ni pori, uliza kwa nini. Huenda hawajaamini, huenda hawana mbegu, huenda mtu amewazuia. Takwimu utakayompelekea mfadhili ni ya mashamba yanayolimwa na njia zinazopitwa. Idadi ya mabomu iwekwe chini yake.

Na hata nchi ikishatangazwa kuwa imesafishwa, jembe litaendelea kugusa bomu moja hapa na kombora pale kwa miaka mingi. Msumbiji bado hupokea taarifa hizo, na hushughulikiwa na vyombo vya serikali. Kwa hiyo kwenye bajeti ya mwaka wa mwisho weka fedha za kuwafundisha askari au polisi wa nchi hiyo, kukabidhi kumbukumbu zote kwa mamlaka, na kibao cha chuma kwenye ukuta wa ofisi ya kijiji chenye namba ya simu ya kituo kitakachopokea taarifa. Namba iwe ya ofisi, isiwe ya mtu, kwa sababu mtu huhamishwa.